Je, Wajua? Nyota Moja Juu ya Nyangamara Ni Majua Matatu

Katikati ya Juni, wakati ufuta unapelekwa ghalani na usiku una baridi ya kipupwe, toka nje saa tatu na nusu usiku ukiwa Nyangamara, mkoani Lindi. Iache nyuma taa ya mwisho ya kijiji, yape macho robo saa yazoee giza, kisha geukia kusini. Nyoosha mkono, kunja ngumi, pandisha ngumi nne kutoka pale mbingu inapokutana na ardhi. Hapo pana nyota inayong'aa kuliko zote za upande huo. Kuliani kwake ipo nyingine yenye mng'aro pungufu kidogo, na mbele zaidi Msalaba wa Kusini umeanza kulalia magharibi.

Nyota hizo mbili manahodha wa Kiarabu walizijua kwa jina la Himaran, punda wawili. Zilikuwa sehemu ya dira yao ya nyota, ambayo kila upande uliitwa kwa nyota inayochomoza au kuzama hapo. Ndiyo elimu ya Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15, aliyeandika pia juu ya njia ya kwenda Kilwa na Sofala. Ukiwatazama punda hao utaapa kwamba wamefungwa kamba moja.

Hawakufungwa. Yule wa kuliani, Beta Centauri, yuko mbali kiasi kwamba nuru yake unayoiona leo iliondoka kule miaka 390 hivi iliyopita, Wareno wakiwa bado wameishikilia Mombasa. Yule wa kushotoni, Alpha Centauri, ambaye wengine humwandika Rijili Kantori, nuru yake imesafiri miaka minne na miezi kama minne tu. Ilipoondoka, mtoto aliye darasa la tano leo ndiyo kwanza alikuwa anaanza la kwanza. Zimepangana machoni petu tu, kama taa ya ngalawa iliyo karibu na taa ya meli iliyo mbali zinavyoweza kuonekana ziko ubavu kwa ubavu.

Jozi ya kweli imejificha ndani ya huyo punda wa kushotoni, na hapo ndipo ninapopenda kumsimamisha kila ninayemwonyesha anga. Ile nukta moja ni nyota mbili. Darubini ndogo yenye lenzi ya sentimita 6 inatosha kuzitenga: moja kubwa kidogo kuliko Jua letu, nyingine ndogo kidogo na ya rangi ya manjano iliyoiva zaidi. Wa kwanza kuandika kwamba ni mbili alikuwa padri Mjesuiti, Jean Richaud, Desemba 1689, akiwa Pondicherry, India, ng'ambo ya bahari hii hii ya Hindi. Alikuwa akitazama kometi yenye mkia, darubini ikapita kwenye nyota hiyo.

Zinashikanaje? Mfikirie mchuuzi wa samaki anayebeba mzega: ufito begani, tenga mbele, tenga nyuma. Matenga yakilingana uzito, bega linakaa katikati. Tenga moja likizidi, atausogeza ufito mpaka lile zito liwe karibu na bega. Nyota mbili nazo huzunguka hivyo, kila moja ikilizunguka "bega" ambalo ni mahali patupu kati yao, na ufito wao ni mvutano. Hakuna awezaye kuipakia nyota kwenye mizani kama gunia la korosho. Lakini ukijua nyota mbili zimeachana kiasi gani, na mzunguko mmoja unachukua muda gani, unapata uzito wao. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu uzito wa nyota imetokana na jozi za namna hii.

Mzega unaweza pia kufichua tenga lisiloonekana. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, haiendi mwendo ulionyooka, inayumba. Mwaka 1844 Friedrich Bessel wa Ujerumani alisema lazima pana mzigo wa pili. Miaka 18 ikapita kabla Alvan Graham Clark, fundi wa lenzi wa Marekani, hajauona Januari 1862: nyota iliyokufa, ukubwa wake kama wa Dunia, uzito wake karibu na wa Jua. Ninaiheshimu sana subira hiyo.

Turudi Nyangamara, maana hesabu bado. Mwaka 1915, Robert Innes, akilinganisha picha za anga huko Johannesburg, aliona nyota hafifu inayosafiri na Alpha Centauri. Ndiyo Proxima, yaani "ya karibu mno". Baada ya Jua, hakuna nyota tunayoijua iliyo karibu nasi zaidi: miaka ya nuru 4.24. Macho hayaioni kabisa, na imeachana na wenzake angani kwa upana kama wa Mwezi mpevu mara nne. Huwazunguka kwa muda unaokadiriwa kuwa miaka zaidi ya laki tano. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba ina sayari.

Anayetazama kutoka London haioni hata moja kati ya hizi tatu. Hazichomozi kwake asilani. Ndiyo maana umbali wa Alpha Centauri ulipimwa kwenye Rasi ya Tumaini Jema, katika miaka ya 1830, na Thomas Henderson, na Proxima ikapatikana Johannesburg. Anga hili ni la kusini, na giza la vijijini Lindi ni mali.

Mwenye darubini ya macho mawili asihangaike na Alpha. Jozi yake imebanana mno. Saa hiyo hiyo ainue uso karibu na utosini: nyota mojawapo ya kundi la Mizani itagawanyika papo hapo, moja yenye nguvu na nyingine hafifu pembeni yake.

Zile mbili za Alpha huzungukana kwa miaka 80, umri wa bibi mmoja. Zilikaribiana kabisa mara ya mwisho mwaka 1955, zikabakiwa na nafasi iliyozidi kidogo ile iliyopo kati ya Jua na sayari ya Zohali. Zitakaribiana hivyo tena mwaka 2035. Bibi wa Nyangamara aliyezaliwa mwaka ule wa 1955 atakuwa amezisindikiza mzunguko mzima.