Vuli Hii Hesabu Mbayuwayu Ukiwa Nyumbani, na Usiache Kuandika Sifuri

Kesho asubuhi ukitoka nje kupiga mswaki, inua macho uangalie nyaya za umeme. Kama ni Oktoba au Novemba na uko Tanzania, Kenya au Uganda, huenda ukaona ndege wadogo wamejipanga kama shanga. Wengi wao mwezi Juni hawakuwepo hapa. Walikuwa wanalea makinda kwenye mazizi na mabanda ya wakulima huko Ulaya na Asia.

Hao ni mbayuwayu wa Ulaya, kwa jina la kisayansi *Hirundo rustica*. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, yaani kama vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Wanakula wadudu wanaoruka. Majira ya majani kupukutika yakifika kaskazini, siku zinafupika na wadudu wanapungua, kwa hiyo wanashuka kusini. Kwetu wakati huohuo mvua za vuli zinaanza na kumbikumbi wanatoka ardhini. Meza imeandaliwa.

Hawaji peke yao. Kuna keremkerem wa Ulaya, ambao mara nyingi utawasikia wakiita juu kabla hujawaona. Kuna kozi wa Amur, wanaotoka mashariki ya Urusi na kaskazini ya China, wakapitia India na kuvuka Bahari ya Hindi mpaka kwetu. Na kuna ndege mmoja wa gramu 25 hivi, *Oenanthe oenanthe*. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wale wanaozaliana Alaska husafiri takriban kilomita 14,500 kuja Afrika Mashariki, kwenda tu!

Sasa swali: wanapungua, au wanachelewa kufika? Muulize mzee yeyote atakuambia, "Zamani walikuwa wengi." Inawezekana kabisa yuko sahihi. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hushika siku za ajabu na kusahau siku za kawaida. Ili tujue, lazima mtu ahesabu, tena ahesabu mahali pamoja kila mara. Watafiti hawawezi kukaa kwenye kila baraza. Wewe baraza unayo.

Namna ya kuhesabu ni rahisi. Chagua sehemu moja ya kukaa: barazani, dirishani, hata juu ya paa la hosteli. Chagua muda, tuseme saa 12:30 mpaka 12:45 asubuhi, na usiubadilishe. Andika tarehe, saa, hali ya hewa na idadi. Kama ndege wametua kwenye waya, au wanazunguka wakiwinda, andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mpigo mmoja. Ukijumlisha kila unapotazama utamhesabu ndege yuleyule mara tano. Kama wanapita kuelekea upande mmoja bila kurudi, hapo jumlisha. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi wa kwanza, kariri ukubwa wa hao kumi, kisha pima kundi zima kwa kumi-kumi.

Usiwachanganye na teleka, wale weusi wenye mabawa kama mundu wanaopiga kelele juu ya majengo mijini. Teleka hatui kwenye waya hata siku moja. Pia kuna mbayuwayu wenyeji wanaoishi hapa mwaka mzima. Mbayuwayu wa Ulaya aliyekomaa ana koo jekundu-kahawia na chini yake mkanda mweusi-bluu kifuani. Ukiona koo jeupe tupu, huyo si mgeni wetu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nilikosea. Daftari langu la kwanza nililijaza siku nzuri tu. Asubuhi nisiyoona kitu, nilifunga daftari nikaenda kunywa chai. Niliona hakuna cha kuandika. Kumbe nilikuwa naharibu kazi yote.

Angalia mfano huu. Wiki moja unahesabu siku tano unapata 12, 0, 30, 0 na 18. Jumla ni 60, wastani ni ndege 12 kwa siku. Mwaka unaofuata, wiki ileile, unapata 0, 0, 20, 0 na 0. Wastani ni 4. Wamebaki theluthi moja. Lakini yule asiyeandika sifuri atagawa 60 kwa siku tatu, apate 20. Mwaka wa pili atagawa 20 kwa siku moja, apate 20 tena. Atakuambia hakuna kilichobadilika! Ndege wamepungua mbele ya macho yake na daftari lake halijui.

Utasema, "Lakini mimi siwaoni wote." Kweli, na hakuna anayewaona wote. Fikiria mzani wa kliniki unaozidisha nusu kilo. Uzito kamili wa mtoto hautakupa, lakini ukimpima kwa mzani huohuo kila mwezi utajua kama anaongezeka. Baraza lako ni mzani wa namna hiyo. Ndiyo maana hutakiwi kubadilisha mahali wala muda.

Mbayuwayu husafiri mchana, lakini ndege wengi wadogo husafiri usiku, na hao baraza halitawapata. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, usiku wa ukungu usio na mbalamwezi taa za hoteli huwavuta chini. Tangu mwaka 1969 watu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachia. Kazi hiyo ina thamani kubwa kwa sababu ileile: mahali palepale, majira yaleyale, mwaka baada ya mwaka.

Hesabu zako usiziache zife kwenye daftari. Unaweza kuziingiza bure eBird, mfumo ulioanzishwa mwaka 2002 na unaopokea taarifa kutoka dunia nzima. Utaulizwa kama umeorodhesha ndege wote uliowatambua. Ukijibu ndiyo, na mbayuwayu hayumo kwenye orodha, mfumo unaelewa kwamba ulitafuta na hukumwona. Sifuri yako imehesabika.

Basi tafuta kalamu na daftari usiku huu. Kesho saa 12:30 kaa nje dakika kumi na tano. Ukiona thelathini, andika 30. Usipoona hata mmoja, andika 0, halafu nenda kanywe chai.