Kifua Kikuu, Maradhi Yasiyo na Haraka

Atokaye katikati ya jiji la Johannesburg akishika njia ya kusini hupita karibu na vilima vya rangi ya manjano kabla hajafika mtaa wa Rosettenville. Na mgeni wa pwani huchukua muda kufahamu ya kuwa vilima hivi ni kazi ya binadamu, kwani ni mabaki ya mawe yaliyochimbwa chini kabisa ya ardhi, yakasagwa hata yakawa unga, ikatolewa dhahabu, na unga ukamwagwa pale. Mwezi wa Agosti, pepo zinapovuma na mvua haijanyesha kwa muda mrefu, unga huo hupenya madirishani, na mwenye kupitisha kidole juu ya meza aliyoipangusa asubuhi huiona alama yake kabla ya adhuhuri.

Nimeanza na vumbi kwa kuwa wengi hudhani ndilo liletalo kifua kikuu, na dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Sababu yenyewe ni kijidudu, ambacho tabibu Robert Koch alikibainisha mbele ya wenzake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Lakini vumbi la silika, hasa lile jipya lipuliziwalo puani mwa mchimbaji mwambani, huziua zile seli za mapafuni ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu, na nyumba hubaki haina bawabu. Ndiyo sababu vijana walioandikwa kazi na Wenela, shirika lililowaandika wachimbaji wa migodini, hata kutoka kusini ya Tanganyika, waliweza kurudi makwao na blanketi jipya, fedha kidogo, na kifua kilichokwisha kuharibika.

Kijidudu hiki husafiri hewani, katika matone madogo mno atoayo mgonjwa akikohoa, akiimba au akizungumza, wala hakiambukizwi kwa sahani. Katika nyumba za Rosettenville, ambazo zamani zilikaliwa na jamaa mojamoja, wengi wao Wareno, na leo nyingi zimegawanywa vyumba kwa wapangaji kutoka Msumbiji, Kongo, Nijeria na kwingineko, nimeona mgonjwa akitengewa kikombe chake kwa uangalifu mkubwa, kisha usiku akalala chumba kimoja na watoto wawili, dirisha limezibwa kwa gazeti kwa ajili ya baridi ya Julai. Kikombe hakikuwa na kosa. Dirisha ndilo lingefaa kufunguliwa.

Atakaye kuyafahamu maradhi haya na ashike jambo moja: kijidudu chake ni kivivu. Vijidudu vya kawaida vya tumboni huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Hiki huhitaji takriban saa 20. Kwa uvivu huo dalili nazo huja kwa kunyemelea: kikohozi kipitacho majuma mawili, homa ya jioni isiyo kali hata mtu akaacha kazi, jasho la usiku liloweshalo shuka, na mwili upunguao bila ya mwenyewe kutambua, hata siku anapotoboa tundu jipya katika mshipi wake. Damu katika makohozi, ambayo watu huingoja kama ndiyo hati ya ugonjwa, aghalabu huchelewa, na wengine hawaioni kabisa. Tena wengi walioambukizwa hawaugui maisha yao yote, kwa kuwa mwili hukifungia kijidudu. Katika kila watu 100 walioambukizwa, baina ya 5 na 10 tu ndio watakaougua, ila kwa mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajatibiwa hatari huwa kubwa zaidi.

Zamani tiba ilikuwa kulala, kula na kuvuta hewa safi. Desmond Tutu, alipopatwa na kifua kikuu akiwa kijana mwaka 1947, alilazwa hospitali ya Rietfontein kiasi cha miezi 18, na padri Trevor Huddleston akimzuru mara kwa mara. Miaka kumi na kidogo baadaye Tutu alisomea upadri katika chuo cha St Peter's, hapa hapa Rosettenville, na Huddleston akaenda Masasi kuwa askofu.

Siku hizi mgonjwa hutoa makohozi ya asubuhi katika kikopo, na mashine huweza kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, pamoja na kueleza kama kijidudu kinastahimili rifampisini, mojawapo ya dawa zake kuu. Dawa ni nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Na hapa ndipo palipo mtego, kwani baada ya majuma machache kikohozi hupoa, hamu ya chakula hurudi, na mtu hujiona mzima, ilhali vijidudu vilivyo vivivu kupita vyote vimelala, na dawa haiviui vyema isipokuwa viamkapo. Tabibu Karel Styblo alilijua hilo alipoanza kazi na serikali ya Tanzania katika miaka ya 1970, akasisitiza vidonge vimezwe mbele ya shahidi na kila mgonjwa aandikwe daftarini mpaka mwisho, mpango ulioigwa baadaye ulimwenguni. Rifampisini yenyewe ni shahidi wa namna yake, maana hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na mgonjwa asiyeambiwa mapema hutishika.

Anayekatiza dawa huweza kufuga kijidudu sugu, na mwingine hukipokea kikiwa sugu tayari kutoka kwa jirani. Kwa watu hao tiba ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, na ndani yake sindano za kila siku kwa miezi, ambazo kwa baadhi yao ziliua uwezo wa kusikia; walitoka wamepona, na wake zao wakawa hawana budi kuwagusa bega kabla ya kusema nao. Afrika ya Kusini iliziondoa sindano hizo katika tiba ya kawaida mwaka 2018, ikaweka vidonge vya bedakwilini mahali pake.