Hologramu: Picha Inayotoka Katika Hesabu



Mtu akitokea hewani, anang'aa, na mkono wako unamupita bila kumugusa, utasema nini? Wengine watasema, "Ni muzimu." Wengine watalipa franga ili waone tena. Mbele ya kuogopa, na zaidi mbele ya kulipa, mujue namna kazi hii inafanyika.

Foto ya kawaida inashika tu nguvu ya mwangaza: hapa peupe, pale giza. Lakini mwangaza unatembea kwa mawimbi, sawa maji. Utupe mawe mawili ziwani: mawimbi yanakutana, pengine yanainuka zaidi, pengine yanauana. Hologramu njo alama ya kukutana huko. Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria, aliivumbua Uingereza mwaka 1947. Alikosa mwangaza wa kufaa mpaka laseri ilipopatikana mwaka 1960.

Kwa hologramu ya filme, lazima kitu chenyewe kiwe mbele yako juu ya meza. Ordinatere haina lazima hiyo. Mwaka 1966 Adolf Lohmann na mwenzake Brown, wa kampuni ya IBM, walionyesha hologramu iliyotoka katika hesabu peke yake. Mashine iliichora kubwa, kisha wakaipiga foto ili kuipunguza.

Hesabu gani? Kitu kinagawanywa kuwa nukta nyingi. Kwa kila nukta, mashine inapima umbali mpaka kila doti ya karatasi, inajumlisha mawimbi yote yanayofika pale, halafu inaandika: peusi au peupe. Piga hesabu pamoja nami. Doti za nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimetre, katika santimetre moja kuna 20.000. Basi kipande cha santimetre moja kila upande kina doti miliyoni 400. Kitu chako kikiwa na nukta 10.000, hesabu ni miliyari 4.000! Mwalimu wa hesabu asikie. Kwa picha ya kutupwa mbali, ukutani, kuna njia ya mkato inayotokana na kazi ya Mfaransa Fourier. Cooley na Tukey waliandika namna ya kuifanya mbio mwaka 1965. Na tangu 1972 kuna njia ya Gerchberg na Saxton: mashine inatoka kwa picha kwenda kwa karatasi, inarudi, inasahihisha, inaenda tena, mpaka iridhike.

Mwanafunzi mwenye ordinatere na mashine ya kuchapa anaweza kujaribu. Chapa hesabu yako juu ya plastiki inayopitisha mwangaza, doti 600 kwa kila puse (santimetre 2,54). Pitisha laseri nyekundu ndogo. Kwa metre 5, picha itaonekana ukutani karibu sana na nukta ya katikati, ndani ya santimetre 4 hivi, na pacha yake imepinduka upande wa pili. Lakini usiangalie laseri kwa macho, hata kidogo! Jicho haliuzwi sokoni.

Unaona sasa shida: doti zikiwa kubwa, picha inabaki finyu. Hata vioo vya ordinatere vyenye doti za sehemu 8 za elfu ya milimetre vinafungua mwangaza mwekundu digrii 2 na kidogo tu kila upande. Kusimamisha mtu mzima jukwaani si mchezo.

Basi yule Tupac, aliyekufa mwaka 1996 na "akaimba" Coachella, California, mwaka 2012? Ile haikukuwa hologramu. Picha ilichorwa kwa ordinatere, ikarudishwa na utando usioonekana, sawa Pepper alivyofanya kwa kioo kule London mwaka 1862. Mama aliyefiwa na mtoto, akiitwa kesho alipe ili amuone tena, amutume kwanza kijana wake atembee pembeni. Hologramu ya kweli, ukisogea, inakuonyesha shavu na sikio lililokuwa limefichwa. Ile ya kioo inabaki bapa, sawa foto ya ukutani.