Opiyo Okach na Ayub Ogada: Vile Mwili na Nyuzi Nane Huleta Unga

Kama uko Laare, unajua kazi zenye watu wanaziheshimu: shamba la miraa, gari la kubeba miraa, duka, bodaboda, na ualimu kwa wale walisoma. Sasa jaribu kuambia mzee wako unataka kuwa dansa, ama unataka kucheza ala ya nyuzi. Hatakupigia kelele. Atakuuliza tu, "Na utakula nini?"

Manze, hilo swali si matusi. Linataka jibu lenye hesabu. So leo tunacheki Wakenya wawili walioishi maisha hayo kabisa, mmoja wa mwili na mmoja wa nyuzi, tuone doh ilikuwa inatoka wapi na ilikuwa inakwama wapi.

Opiyo Okach: msee wa mwili

Kwanza tuelewane. Dansi ya kontemporari si zile step za challenge za TikTok, na si ngoma ya kienyeji vile inachezwa Bomas. Dansa wa kontemporari anaweza kuchukua ngoma ya kwao, aongeze maigizo, aongeze vile mama hubeba mtungi ama vile makanga hudandia mat, halafu atengeneze kitu hakijawahi kuwa. Mwili ndio unaongea. Wakati mwingine hakuna hata muziki.

Okach hakuanzia kwa dansi. Alienda London akasomea maigizo ya kimya, ile sanaa ya kusema kila kitu bila kufungua mdomo, kwa shule ya Desmond Jones. Kurudi Nairobi katikati ya miaka ya 90, akapata hakuna kampuni ya kontemporari ya kujiunga nayo. Hakuna kuandikwa, hakuna barua ya kazi. So akaungana na Afrah Tenambergen na jamaa wa Kongo anaitwa Faustin Linyekula, wakaunda kampuni yao: Gàara.

Kazi yao ya kwanza kubwa iliitwa Cleansing. Waliipeleka Luanda, Angola, mwaka wa 1998, kwa mashindano ya wabunifu wa dansi wa Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi, na wakarudi na tuzo. Hapo ndo milango ya Ulaya ilifunguka.

Sasa doh. Dansa wa aina hii hulipwa kwa njia nne hivi. Ya kwanza ni shoo: tamasha linakuita, linakulipa, linakununulia tiketi ya ndege. Ya pili ni oda: jumba la sanaa linakupa pesa utengeneze kazi mpya. Ya tatu ni kukaa mahali wiki ama miezi ukifanya mazoezi kwa gharama ya wenyeji. Ya nne ni kufundisha, na hiyo ndo hulipa rent ya wengi.

Umeona kitu kimoja kwa hizo zote? Lazima uwe hapo. Mwili usipofika, doh haifiki. Goti likiharibika, biashara imefungwa.

Ayub Ogada: msee wa nyuzi nane

Ukisikia "muziki wa klasiki" akili inaenda kwa Mozart na watu wamevaa suti nyeusi. Lakini klasiki maana yake ni muziki wenye sheria zake, wenye walimu, unaochukua miaka kuujua. Kwa hesabu hiyo, nyatiti ya Wajaluo iko ndani.

Nyatiti ina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi watu hutumia nailoni ya kuvulia samaki. Mchezaji anakaa chini, anavaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, inaitwa oduong'o, anagonga nayo ubao wa ala. Kwa mguu amefunga njuga, gara. Mikono inacheza, mguu unapiga ngoma, mdomo unaimba. Mtu mmoja, bendi nzima.

Na mjue wazee wa nyatiti walikuwa na biashara kali kabla ya simu. Kwa matanga ama sherehe, msee anasimamisha muziki, anatoa pesa, halafu anajisifu mbele ya watu: yeye ni mtoto wa nani, ni rafiki ya nani. Hiyo inaitwa pakruok. Unalipwa ucheze, na unalipwa tena unyamaze. Noma sana.

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, jina lake likiwa Job Seda. Akiwa mdogo aliishi Marekani, ambako babake alikuwa anasomea udaktari na wazazi wake walikuwa wanaimba nyimbo za Kijaluo kwa vyuo. Miaka ya 70 alikuwa kwa kundi la Black Savage, Nairobi. Baadaye African Heritage Band. Akaigiza pia kwa filamu ya Out of Africa iliyotoka 1985.

Halafu akaenda Uingereza na nyatiti yake, na huko alianzia chini kabisa: kucheza barabarani na kwa stesheni za treni za London, watu wakipita wakitupa sarafu. Hapo ndo watu wa tamasha la WOMAD walimpata, akacheza huko 1988, na 1993 akatoa albamu ya En Mana Kuoyo kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel.

Sasa cheki hii. Kwa albamu hiyo kuna wimbo unaitwa Kothbiro, "mvua inakuja". Mwaka wa 2005 wimbo huo ukaingia kwa filamu ya The Constant Gardener. Na mwaka wa 2018 Kanye West alipotoa albamu ya Ye, ngoma ya Yikes ilikuwa imekata kipande cha Kothbiro ile ya zamani, ya Black Savage. Wimbo wa Nairobi wa miaka ya 70, zaidi ya miaka 40 baadaye, unadunda kwa spika za dunia nzima.

Ogada alikufa Februari 2019, Nyahera, Kisumu. Wimbo bado unafanya kazi.

Hesabu ya miraa

Hii tofauti mtu wa Laare ataielewa haraka kuliko msee wa Nairobi.

Shoo ya dansi ni kama miraa iliyochumwa. Inavunwa asubuhi, inakimbizwa na gari, na baada ya siku chache imekauka, haina bei. Kila wiki unaanza upya. Wimbo uliouandika na kuurekodi ni kama mti wenyewe. Unajua mbaine, ile miti ya zamani sana babu alimwachia babako? Unachuma, unarudi, unachuma tena. Mti huchukua miaka kabla ya kukupa kitu, lakini ukishika, umeshika.

Ndo maana mwenye nyuzi ana nafasi ya kula akiwa amelala, na dansa hana sana. Lakini shida iko hapa: mti bila jina lako ni wa jirani. Kama hujasajili kazi yako kwa KECOBO, kama hujaingia kwa vyama vya kukusanya mirabaha vya watunzi na wasanii, wimbo unaweza kuchezwa hadi mwezini na usione kitu. Na hata ukiingia, hivyo vyama vimekuwa na vita vya leseni na malalamiko ya wasanii miaka mingi. So jiunge, lakini usipange rent na hiyo.

Hesabu ya pili: soko moja ni hatari. Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na Igembe nzima ilisikia. Dansi ya kontemporari iko na ugonjwa huo huo. Shoo nyingi Nairobi zimebebwa na nyumba kama Alliance Française na Goethe-Institut, na ruzuku nyingi hutoka Ulaya. Siku bajeti ya huko ikikatwa, dansa wa hapa anakaa njaa bila kukosea mtu.

Na kama roho yako iko kwa vayolini?

Korogocho kuna Ghetto Classics, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge. Vijana wa mtaa unaojulikana na dampo la Dandora wanacheza vayolini, selo na tarumbeta. Pesa za tamasha la Safaricom Jazz zilisaidia sana kuibeba.

Kinshasa iko na stori kali zaidi. Mwaka wa 1994, Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha okestra ya kanisa la Kimbangu. Vayolini zilikuwa chache, watu wakapokezana. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Leo okestra hiyo imetengenezewa filamu, Kinshasa Symphony ya 2010. Wanamuziki wake wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, mazoezi jioni. Hiyo ndo sura halisi ya kazi hii Afrika: miaka mingi, sanaa ni mguu mmoja na hustle ni mguu wa pili.

Utaanzia wapi kutoka Laare?

Nairobi ni karibu kilomita 300. Lakini usikimbilie huko bila kitu mkononi.

Kama uko shule, kuna Kenya Music Festival, imekuwa tangu 1927. Inaanza chini kwa eneo lenu na kupanda hadi taifa, na kuna vitengo vya ngoma za kienyeji na ala. Kama uko na mdogo wako anamaliza Gredi ya 9, ajue kuna njia ya Sanaa na Michezo kwa sekondari ya juu. Anaweza kuichagua bila kuonekana amefeli.

Kama umemaliza shule, tafuta mzee. Ndio, mzee. Ngoma za Chuka zilijulikana Kenya nzima na haziko mbali na wewe. Okach alijenga kitu kipya akitumia mila, na Ogada alipeleka London kitu cha nyumbani. Hakuna anayekuhitaji uige Mfaransa, wako nao wengi.

Na kama unadhani lazima uhame, kumbuka Linyekula, yule mwenzake Okach. Mwaka wa 2001 alirudi kwao Kongo, nchi ikiwa bado vitani, akafungua Studios Kabako Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani, mji wa nyumbani, mbali na kila ubalozi. Mwaka wa 2007 tuzo kubwa ya Prince Claus ya Uholanzi ilimfuata huko.

So mzee akiuliza utakula nini, mjibu hivi: miaka mitano ya kwanza nitakula kutoka kwa kazi nyingine, jioni nifanye mazoezi. Nitafundisha. Kila nitakachotunga nitakisajili kwa jina langu. Na sitategemea soko moja.

Kama hiyo miaka mitano inakushinda hata kuitaja, baki shabiki, na hakuna aibu kwa hiyo. Kama hainishindi, utasema, basi anza leo jioni.