Chakula Bora kwa Skauti

Kijana wa skauti hufundishwa mambo mengi: kufunga mafundo, kusoma ramani, kuwasha moto kwa kijiti kimoja cha kibiriti, kumfunga bendeji mtu aliyeumia. Lakini mwulize amekula nini leo asubuhi, na chakula hicho kitamfanyia kazi gani mwilini, naye mara nyingi atatazama chini. Hilo si kosa lake, maana hakuna aliyemweleza. Na wewe mkulima, ambaye shamba lako ndilo ghala ya chakula hicho, waweza kumsaidia mwalimu wake kuliko unavyodhani.

Uskauti ulianza katika Kenya mwaka wa 1910. Baden-Powell mwenyewe, aliyeuanzisha, alikaa Nyeri miaka yake ya mwisho, akafa huko Januari 1941, na kaburi lake liko huko hadi leo. Siku hizi watoto wadogo kabisa huitwa Sungura, wanaofuata ni Chipukizi, kisha Mwamba, na vijana wakubwa ni Jasiri. Tunayataja majina haya kwa sababu Sungura hafundishwi kama Mwamba. Mtoto wa miaka minane ukimtajia protini na vitamini atayakariri maneno hayo kama kasuku, na kesho yake atakuwa ameyasahau. Mpe kitu cha kushika mikononi.

MAGUNIA MATATU

Waambie watoto kila mmoja alete kutoka kwao kitu kimoja cha kuliwa, kidogo tu: kiazi, yai, konzi ya maharagwe, majani ya kunde, ndizi, omena wachache katika karatasi. Tandaza magunia matatu chini ya mti. Gunia la kwanza ni la vyakula vya kutia nguvu, la pili ni la vyakula vya kujenga mwili, na la tatu ni la vyakula vya kulinda mwili na maradhi. Kisha waache wenyewe waviweke vitu vyao panapofaa, na wabishane. Usiwe na haraka ya kuwasahihisha.

Gunia la kwanza halina shida. Mahindi, mtama, wimbi, mchele, mihogo, viazi, sukari na mafuta ya kupikia, vyote huenda huko. Hivi ni kama kuni: huwaka mwilini, vikampa mtu joto na nguvu za kutembea, kulima na kucheza mpira. Usishangae gunia hili likijaa kuliko mengine. Ndivyo zilivyo sahani zetu nyingi, na watoto wakiona kwa macho yao wenyewe kwamba gunia moja limefurika na mawili yana vitu vya kuhesabika, nusu ya somo imekwisha bila wewe kusema neno.

Ubishi utaanza kwenye maharagwe. Mtoto atasema ni ya kutia nguvu kwa sababu hushibisha. Mwambie kwamba ni kweli hutia nguvu, lakini kazi yake kubwa ni kujenga. Katika gramu mia za maharagwe makavu mna gramu ishirini na zaidi za protini, na katika mahindi makavu ni gramu tisa hivi. Muhogo una kama gramu moja tu. Kwa hiyo mtoto anayeshiba muhogo mtupu kila siku ameshiba kweli, lakini mwili wake haukupata mawe wala saruji ya kujengea. Nyama, samaki, mayai, maziwa, ndengu, kunde, mbaazi na njugu huenda katika gunia hili la pili.

Hapa pana jambo zuri la kuwaambia. Protini ya mahindi ina upungufu wake, na ya maharagwe ina upungufu mwingine, lakini pungufu la huyu hujazwa na yule. Wazee waliopika githeri hawakuwa na mizani ya maabara, lakini walichanganya vilivyofaa kuchanganywa. Vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharagwe ni kipimo kizuri. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke sawasawa mpaka yaive. Maharagwe mekundu yasiyoiva huumiza tumbo vibaya, na katika kambi ya vijana wenye njaa wasioweza kungoja, hili ni la kuangaliwa sana.

Gunia la tatu ni la mboga na matunda. Wafundishe kutazama rangi. Majani ya kijani kibichi kilichokolea, kama mchicha, mnavu, mgagani, mrenda na kunde, na vitu vya rangi ya chungwa ndani, kama karoti, boga, embe na papai, vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Hiyo husaidia macho yaone wakati wa magharibi, na huupa mwili nguvu ya kushindana na maradhi. Kiazi kitamu cheupe hakina karibu chochote cha namna hiyo, bali kile cha rangi ya chungwa kinacho tele. Mwaka wa 2016 wataalamu wanne walipewa Zawadi ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya kukuza na kueneza mazao yenye virutubisho zaidi, na watatu kati yao, mmoja wao Robert Mwanga wa Uganda, walishughulika na kiazi hicho. Basi mtoto akikileta, akiweke katika magunia mawili! Mkate vipande viwili.

MTOTO ALIYEVIMBA SI MTOTO ALIYENONA

Skauti wengi wana wadogo zao nyumbani, na ndio wanaowabeba mama akiwa shambani. Kwa hiyo waambie habari hii, hasa Chipukizi na Mwamba.

Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka wa 1933 aliandika habari za ugonjwa wa watoto wadogo ambao miguu yao ilivimba, nywele zikageuka rangi, ngozi ikabambuka, nao wakawa wanyonge wasiotaka kucheza. Akautaja kwa jina walilolitumia wenyeji, Waga: kwashiakoo. Nalo ni jina la ugonjwa unaompata mtoto anapoondolewa kifuani kwa sababu mwingine amezaliwa. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuona chanzo chake. Mtoto ameachishwa maziwa ya mama, na badala yake amepewa uji wa mahindi basi.

Madaktari wa siku hizi wanasema kwamba sababu za ugonjwa huo ni zaidi ya moja, na kwamba kuhara na maradhi mengine huuchochea. Lakini jambo la kushika ni hili: mtoto aliyevimba uso na miguu si mtoto aliyenona. Skauti akimwona mdogo wake hivyo, awaambie wakubwa siku hiyo hiyo, naye apelekwe hospitali, asingojewe.

Tena uko upungufu usioonekana upesi. Mtoto asiyepata chakula cha namna nyingi katika miaka yake miwili ya kwanza hudumaa. Huwa mfupi kuliko umri wake, na akili yake pia yaweza kuchelewa. Hesabu ya afya ya taifa ya mwaka wa 2022 ilionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Mwaka wa 2014 walikuwa 26. Tumesogea, lakini watoto 18 si wachache, na wengine wao wamezaliwa katika nyumba zenye ng'ombe wa maziwa na kuku uani.

Hapa tuseme wazi na mwenye boma. Hatukuambii usiuze mayai wala maziwa, kwa maana karo haingoji. Lakini ukiuza mayai yote kisha ukanunua mkate na soda, umebadilisha vibaya. Yai moja lina gramu sita hivi za protini. Soda ya mililita 300 kwa kawaida ina gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko vidogo saba au vinane. Mwache skauti aipime sukari hiyo kwa kijiko ndani ya bilauri tupu, mbele ya wenzake. Hakuna hotuba itakayoshinda bilauri hiyo.

KWA VIJANA WAKUBWA

Mafungu matatu yanatosha kwa wadogo. Wakubwa waweza kuhesabu kwa makini zaidi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hutumia mafungu kumi: nafaka na mizizi, maharagwe na jamii yake, njugu na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani, mboga na matunda yenye vitamini A, mboga nyingine, na matunda mengine. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 aliyekula kutoka mafungu matano au zaidi katika siku moja anadhaniwa kuwa anapata virutubisho vya kumfaa. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya wanawake, si kwa watoto, lakini kuhesabu mafungu ni mazoezi mema kwa kila mtu. Mpe kila kijana daftari aandike alichokula jana, bila aibu na bila kuchekwa. Kiongozi asisome daftari la mtoto mbele ya wenzake, kwani yuko ambaye jana alilala na chai ya rangi.

Chai nayo ina habari yake. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate sawasawa madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga, na upungufu wa madini hayo huleta upungufu wa damu. Afadhali inywewe baadaye, saa moja au zaidi baada ya kula. Lakini chungwa, pera au maji ya limau pamoja na chakula huusaidia mwili kuyapata madini hayo. Nani asiyeweza kupanda mpera mmoja?

Na mboga zioshwe kabla ya kukatwa, si baada yake. Zipikwe kwa maji machache, kwa muda mfupi, na mchuzi wake usimwagwe. Majani ya muhogo peke yake ndiyo yanayotaka kutwangwa na kuchemshwa sana, kwa sababu ya sumu iliyomo.

MAHINDI YENYE KUVU

Somo la chakula haliishi mezani. Mwaka wa 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu, nao 125 wakafa. Sumu ya kuvu hiyo huitwa aflatoksini. Kupika hakuiondoi, wala kusaga, wala kukaanga. Wala usifikiri kwamba mahindi yenye kuvu yanafaa kupewa kuku na ng'ombe. Nao hudhurika, na sumu hufika katika maziwa.

Mahindi ya kuwekwa ghalani yasiwe na unyevu uliozidi asilimia 13.5. Wenye vipimo vya mashine wavitumie. Lakini skauti waweza kufanya kipimo cha chumvi, nacho huwafurahisha. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa. Tia chumvi kavu kiasi cha robo ya chupa, kisha tia mahindi mpaka ifike nusu. Ifunge, itikise kwa nguvu, iache robo saa. Chumvi ikigandama pande za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Isipogandama, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Bado yataka jua kidogo zaidi ili yawe salama. Waagize vijana wapime mahindi ya nyumba kumi za jirani siku ya Jumamosi. Hiyo ni huduma ya kweli, nayo yafaa kuliko kuosha magari ya wageni.

Unga wa pakiti nao uelezwe. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda waongeze vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti. Unga unaosaga mwenyewe kwenye kinu cha jirani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Si vibaya kuusaga huko, ila basi mboga na maharagwe yasikosekane.

BUSTANI YA KIKOSI

Kama una kipande kidogo karibu na shule, hata hatua tano kwa tano, kiazime kikosi. Kama huna, toa gunia kuukuu, udongo na samadi iliyooza. Kijana atapanda sukuma wiki juu na katika matundu ya pembeni, na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yatatosha kumwagilia. Mbegu za mgagani na mnavu ni rahisi, na majirani wengi wazee wanazo. Zisizikwe chini sana, maana ni ndogo mno. Zichanganywe na mchanga mkavu, zimwagwe katika mistari, zifunikwe kwa udongo laini kidogo tu. Miche ikisongamana ing'olewe, nayo huliwa. Mgagani hauchelewi. Ukipandwa mvua zinapoanza, baada ya wiki nne hadi sita watoto wataanza kuchuma majani, na muhula utakuwa haujaisha.