Aliyesahau Yote: Je, Bado Ni Yule Yule?

MZEE aliyepatwa na maradhi ya usahaulifu humkazia macho mwanawe wa kumzaa na kumuuliza: "Wewe ni mtoto wa nani?" Jamaa hutoka chumbani wakinong'ona kwamba huyu si yule baba waliyemjua. Ni kauli ya uchungu, lakini imebeba swali ambalo limewashughulisha wanafalsafa kwa karne nyingi. Je, ni nini kinachomfanya mtu wa leo awe ndiye yule wa miaka 40 iliyopita?

Mwili pekee hautoshi kuwa jibu. Chembechembe nyekundu za damu, kwa mfano, huishi kwa takriban siku 120 tu, kisha nyingine huchukua nafasi yake.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alilijibu swali hili mwaka wa 1694, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu. Kwa maoni yake, nafsi ya mtu hurudi nyuma hadi pale fahamu yake inapofika. Iwapo roho ya mwana wa mfalme, pamoja na kumbukumbu zake zote, ingeingia katika mwili wa fundi wa viatu, majirani wangemwona fundi yule yule. Locke alishikilia kuwa huyo ni mwana wa mfalme, na ndiye angepaswa kuwajibikia matendo ya mwana wa mfalme.

Mwaka wa 1785, Mskoti Thomas Reid aliifichua kasoro ya hoja hiyo. Mvulana anachapwa kwa kuiba matunda. Akiwa afisa kijana wa jeshi anateka bendera ya adui, naye bado anakikumbuka kile kiboko. Uzeeni, akiwa jenerali, anaikumbuka bendera ila kiboko kimemtoka akilini kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ni yule afisa, na afisa ni yule mvulana, ilhali jenerali si yule mvulana! Hesabu hiyo haiingii akilini.

Ithibati nzito zaidi ilitoka hospitalini. Mnamo 1953, Mmarekani Henry Molaison, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kumwondolea kifafa kikali. Tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi tukio jipya kwa zaidi ya muda mfupi, ingawa aliyakumbuka mengi ya utotoni. Mtafiti Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kupitia kioo. Siku baada ya siku alizidi kuwa stadi, lakini kila mara alidai hajawahi kulifanya zoezi hilo. Mkono ulijua jambo ambalo mwenyewe hakujua kuwa amejifunza.

Waliomjua walisimulia juu ya mtu mpole na mcheshi, na tabia hiyo ilidumu hadi alipofariki mwaka wa 2008. Basi kumbukumbu zilikatika, lakini Henry hakukatika. Kilichosalia ni tabia na mazoea, pamoja na watu waliozidi kumwita kwa jina lake. Sehemu hii ya mwisho Locke hakuipa uzito unaostahili.

Nyumbani Kenya, suala hili hufika hadi kwenye mashamba. Sheria ya Urithi humruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wosia, na humruhusu kuubatilisha mradi tu angali na uwezo huo. (Waislamu huongozwa na sheria yao katika mambo ya mirathi.) Hivyo, mzee aliyeandika wosia akiwa timamu, kisha akapoteza kumbukumbu, hawezi kuufuta hata akiapa kwamba hajawahi kuuona. Machoni pa sheria, sahihi ile ni yake, na anayeuliza "wewe ni mtoto wa nani" ndiye yule yule aliyemgawia mtoto huyo shamba.