Kamera Nne, Mtandao Mmoja

Jumanne moja saa tisa alasiri, binti yetu wa kwanza alikaa kwenye meza ya sebuleni akiwa amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi tangu asubuhi. Alikuwa anasubiri kuhojiwa kwa njia ya video na watu watatu waliokuwa wakitafuta kijana wa kumfadhili masomo ya uuguzi. Tulikuwa tumefunga mlango wa jikoni ili sufuria zisisikike, na mdogo wake tulimkataza kuwasha televisheni. Tulidhani tumekumbuka kila kitu.

Swali la kwanza alilijibu vizuri. Lilipokuja la pili, picha iliganda, na sauti ikaanza kukatikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mara tatu alisema, "Samahani, naomba urudie." Mara ya nne mawasiliano yakakatika kabisa. Alijaribu kurudi, lakini alama ya kusubiri ikawa inazunguka tu. Akaweka kichwa mezani akalia, nasi wazazi wake tukasimama pale tusijue la kumwambia.

Wiki mbili kabla ya siku ile tulikuwa tumefunga kamera 4 za ulinzi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

Tuliogopa wezi

Akina mama wenzetu, hatukufunga kamera kwa kutaka fahari. Wezi waliruka ukuta usiku wakang'oa pampu ya maji, na wiki chache baadaye wakaingia kwa jirani. Mchana nyumbani kwetu hubaki Bibi, yaani mama mzaa baba, pamoja na mtoto wetu mdogo na dada wa kazi. Sisi wawili tuko kazini hadi jioni. Kila simu ya nyumbani ilipoita, moyo ulituruka.

Fundi alifanya kazi kwa siku moja tu. Kamera moja langoni, moja uani, moja mlango wa jikoni na moja sebuleni. Zote zilitumia waifai, na zote zilituma picha mchana na usiku kwenye hifadhi ya mbali katika intaneti, ili tuweze kuzitazama kwenye simu tukiwa kazini. Fundi alituuliza ruta iko wapi na nywila ni ipi. Hakutuuliza kifurushi chetu kina kasi gani, nasi hatukujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Baada ya siku ile ya majonzi, tuliilaumu kampuni inayotuuzia intaneti. Tukapima kasi kwenye simu, namba ikatoka nzuri, tukazidi kuchanganyikiwa. Mmoja wetu akataka tuhamie kifurushi cha bei kubwa zaidi. Mwingine akasema pesa hiyo ni ya ada ya mtoto, na haiguswi. Tulilala bila kuzungumza usiku ule.

Mabomba mawili

Jumamosi alikuja kijana wa ukoo wetu anayefanya kazi ya kompyuta. Hakugusa ruta. Aliomba daftari na kalamu, akatuchorea nyumba yenye mabomba mawili ya maji.

Bomba moja, alisema, huleta vitu nyumbani: sinema, picha, habari. La pili hutoa vitu nyumbani kwenda nje. Bomba hili la pili katika vifurushi vingi ni jembamba zaidi, na wengi hatulitazami, kwa sababu kwa kawaida nyumba hupokea zaidi kuliko inavyotoa. Kifurushi chetu kilikuwa na megabiti 20 kwa sekunde za kuingia, na 5 tu za kutoka. Sisi tulipopima tulikuwa tunasoma namba ya kwanza peke yake.

Kamera hufanya kinyume cha televisheni, kwani kazi yake ni kutoa. Kamera yenye picha safi ya kiwango cha 1080 huweza kutuma megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Tukichukua hesabu ya chini ya 2, kamera 4 zinahitaji 8. Bomba letu ni la 5. Na binti yetu, ili watu wale wamwone na kumsikia, alihitaji nafasi katika bomba lile lile la kutoka, walau megabiti 1 au 2. Nafasi hiyo haikuwepo.

Kisha akatupigia hesabu ya pili. Megabiti si megabaiti, kwani biti 8 ndizo hufanya baiti 1. Hivyo kamera moja ikituma megabiti 2 kila sekunde bila kupumzika, kwa siku hutoa gigabaiti 21 na zaidi kidogo. Kamera nne, kama njia ingezitosha, ni kama gigabaiti 86 kwa siku, na kwa mwezi ni zaidi ya 2,500. Mama anayenunua bando kwa gigabaiti anaelewa namba hiyo maana yake nini. Na hata vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo, vingi hupunguzwa kasi ukishatumia kiasi fulani. Tuliangaliana. Tulikuwa tumegombana bure.

Tulivyotengeneza

Jambo la kwanza lilikuwa kuacha kutuma picha zote nje. Tulinunua rekoda ndogo yenye diski ndani yake. Sasa kamera hupeleka picha kwenye rekoda hapo hapo nyumbani, na picha hizo hazigusi kabisa bomba la intaneti. Kinachotoka nje ni kile tu tunachokitazama kwenye simu, tena kwa muda tunaokitazama. Pesa ya kununulia rekoda ilitoka katika ile tuliyotaka kuongeza kwenye kifurushi kila mwezi. Ada ya mtoto haikuguswa.

La pili lilikuwa waya. Tulikuwa tunafikiri waifai haina mwisho kwa sababu haionekani. Kumbe waifai ni kama kikao ambacho mtu mmoja tu husema kwa wakati mmoja na wengine wanangoja. Kamera ya langoni ilikuwa mbali, nyuma ya kuta mbili za matofali, kwa hiyo ilikuwa inasema polepole sana na kurudiarudia maneno, huku nyumba nzima ikingoja zamu. Kamera ya langoni na ya uani tukazivutia waya. Waya wa aina hii hufika mita 100 bila shida, na kwa vifaa vinavyokubali, hubeba umeme na picha pamoja, hivyo kamera haihitaji soketi yake. Rekoda nayo tuliunganisha na ruta kwa waya.

Ya jikoni ilibaki kwenye waifai kwa kuwa iko karibu na ruta. Hapo tulijifunza kwamba ruta nyingi za siku hizi zina mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini huwa na msongamano, hasa nyumba zinapobanana. Yale ya gigahezi 5 ni ya haraka, lakini huchoka mapema kwenye kuta. Kamera nyingi za bei nafuu hutumia ya kwanza tu. Kwa hiyo tuliiachia kamera mawimbi hayo, na kompyuta ya binti yetu tukaihamishia kwenye mawimbi ya pili.

La tatu, tulipunguza mzigo wenyewe. Si lazima kamera ipige picha 30 kwa sekunde. Kwa kuona nani ameingia langoni, picha 15 zinatosha. Kamera zetu pia zilikuwa na njia mbili za kubana picha, ile inayoitwa H.264 na mpya zaidi inayoitwa H.265, ambayo huweza kupunguza mzigo hadi karibu nusu kwa picha ya ubora ule ule. Fundi alikuwa ameacha ile ya zamani. Tukabadilisha, na kila kamera ikashuka hadi megabiti 1 hivi.

La nne, kwa ajili ya simu tulichagua picha ndogo. Kamera nyingi hutoa picha mbili kwa pamoja, kubwa ya kuhifadhi na ndogo ya kutazama ukiwa mbali. Ukiwa kazini unataka kujua kama mtoto amerudi shule. Huhitaji kuhesabu vifungo vya shati lake.

La tano na la mwisho, ruta yenyewe ina mahali pa kupanga nani apewe nafasi kwanza. Tuliweka kompyuta ya masomo juu ya vitu vingine vyote. Ilichukua dakika 10.

Kamera ya sebuleni

Msomaji makini ataona kwamba tumetaja kamera 3 tu. Ile ya sebuleni tuliiondoa, na sababu yake si mtandao.

Tangu ilipofungwa, dada wa kazi aliacha kukaa mezani na mtoto. Alikuwa anakula amesimama kwenye kona ambayo kamera haifiki. Zamani alikuwa akiimba anapofagia, na wimbo ule ulikwisha. Hatukuliona hilo, ingawa tulikuwa na jicho juu yake saa 24. Bibi ndiye aliyeliona. Jioni moja tulirudi tukakuta kamera imefunikwa kanga. Tulipouliza, alijibu bila kuinua sauti: "Wanangu, mwizi aliruka ukuta. Mbona mnamlinda huyu aliyeingia mlangoni kwa kukaribishwa?"

Tuliona aibu. Tulimwita dada wa kazi, tukamwomba radhi, na tukamwonyesha kwenye simu kila kamera iliyobaki inatazama wapi. Ile ya uani tuliigeuza pia, kwa sababu ilikuwa inaona kamba ya nguo ya jirani. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria, ujirani una adabu zake.

Tulibadilisha pia nywila za kiwandani, na jambo hili tunawasihi akina mama msilipuuze. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilivamia kamera na ruta za watu kwa kujaribu tu nywila zinazokuja na kifaa kutoka kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa hivyo vilivyotekwa vilitumika kuizidi nguvu kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikiongoza njia za intaneti, na tovuti nyingi kubwa hazikufikika kwa saa kadhaa. Bomba lako la kutoka nje linaweza kujaa kwa sababu mtu mwingine analitumia, wala wewe hujui.

Kabla fundi hajapanda ngazi

Kwa mama anayefikiria kufunga kamera, tungependa aanze pale sisi tulipomalizia. Uliza kasi ya kutoka ya kifurushi chako, si ya kuingia tu. Zidisha idadi ya kamera kwa megabiti za kila moja, kisha jiulize kinachobaki kinawatosha watoto wanaosoma. Uliza picha zitahifadhiwa wapi. Sisi kamera 3 za megabiti 1 hujaza gigabaiti 32 hivi kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 hutunza karibu siku 30. Kama umeme hukatika kwenu, ruta na rekoda zipate betri ya akiba. Na zungumza na kila anayeishi humo ndani kabla ya tundu la kwanza kutobolewa ukutani.

Binti yetu aliandika barua kueleza yaliyotokea, na watu wale wakampa siku nyingine. Alivaa blauzi ile ile. Safari hii alizungumza dakika 40 bila sauti kukatika hata mara moja, huku kamera tatu zikifanya kazi yao kimya. Baada ya wiki mbili jibu lilikuja: hakuchaguliwa.

Tulijiandaa kumfariji. Lakini alikunja barua, akatuambia, "Safari hii walinisikia mpaka mwisho." Kisha akaomba kompyuta, akaanza kujaza maombi ya mahali pengine. Kutoka jikoni tulisikia dada wa kazi anaimba.